Fimbo ya Nainokanoka na gharama za wakili

Nimeaibika leo mbele ya baraza zima, na kosa lenyewe nililifanya mapema, kabla hata sijafungua mdomo. Nilipokea fimbo bila kuuliza inarudishwaje.

Ngoja nieleze vizuri. Mnajua mimi Boay ni katibu wa kamati ya uchaguzi ya umoja wetu, umoja wa wapishi wa hoteli na kambi, pamoja na waswaga punda wanaobeba mizigo ya watalii kule juu Ngorongoro. Ukatibu nilipewa kwa sababu nina mwandiko mzuri. Mengine yote nimejifunza mwenyewe kwenye simu: sheria, taratibu za mikutano, namna ya kusema "Mheshimiwa" bila sauti kutetemeka. (Hilo la mwisho bado.)

Uchaguzi wa viongozi tuliusimamia sisi. Aliyeshindwa akaenda mahakamani, tukaweka wakili, kesi ikatupwa. Tulishangilia. Baadaye hesabu za umoja zikasomwa, ikaonekana wakili ametugharimu kuliko uchaguzi wenyewe, hata ukijumlisha pilau.

Wajumbe wa baraza la umoja wakatuita tujieleze. Wajumbe hao tunawaita wabunge kwa utani, ila wenyewe wameshaacha kuuona kuwa ni utani. Maneno yalikuwa yamezagaa Karatu yote: kamati imekula, wakili ni shemeji wa mtu. Baraza lisiporidhika, kamati inavunjwa na uchaguzi unarudiwa upya. Mwenyekiti wa kamati yangu akapata safari ya ghafla ya Babati. Nikabaki mimi.

Naomba mnielewe. Ule uchaguzi ndio kitu pekee nilichowahi kukianza kikaisha salama. Masanduku ya kura hatukuwa nayo, tukatumia masufuria ya kambini, yale makubwa yenye mifuniko. Niliyafunga kwa kamba mwenyewe. Nilikaa nayo chumba kimoja kama mtu anayeuguza. Leo mtu aseme kura zirudiwe? Bora anirudishe mimi kijijini kwetu Daa nikalime.

Kwa hiyo nilijiandaa. Niliandika kila swali ambalo binadamu anaweza kuuliza kuhusu gharama za wakili, na chini yake jibu. Nikayakariri. Bibi yangu alinisikiliza hadi akaanza kuyajibu yeye kabla yangu.

Kikao safari hii kilikuwa zamu ya kijiji cha Nainokanoka, kule juu Ngorongoro. Mimi ni mpishi wa hoteli, kazi yangu iko Karatu mjini, kwa hiyo sikuwahi kukaa kikao cha kule. Nilivaa suti ya kaka yangu. Kufika, ukungu mpaka mlangoni, baridi inaingia kwenye mifupa, watu wote wamejifunika shuka na makoti mazito, na mimi na tai.

"Katibu," akaniita Margwe, mjumbe wa upande wa aliyeshindwa, mpishi mwenye mdomo kama pilipili. "Umevaa kama bwana harusi. Leo utatuambia wakili wako anakula nini."

"Majibu yapo, kaka."

"Tunataka pesa, majibu hata mtoto anayo."

Kikao kikafunguliwa darasani, shule ya msingi. Spika wetu ni Mama Paskalina, mpishi mstaafu ambaye karibu wote tumejifunzia kwake kukanda unga. Alieleza taratibu za mahali pale. Mimi nilikuwa nje, nyuma ya darasa, narudia majibu yangu, nikiangaliwa na punda wawili. (Mtaona umuhimu wa jambo hili.)

Niliporudi ndani, Margwe alikuwa amesimama, ameshika fimbo nyeusi, anaongea. Alinituhumu kwa ufasaha, sitamnyima hilo. Akamaliza, akaipeleka fimbo mezani. Mama Paskalina akaichukua, akanikabidhi.

"Katibu, zamu yako."

Nikajua ni heshima tu, kama maua. Nikaishika. Nikatoa utangulizi wangu: tulishtakiwa, tukatafuta wakili, tukashinda, kila malipo yana stakabadhi. Nikahitimisha, "Mheshimiwa Spika, niko tayari kwa maswali." Nikasubiri swali la kwanza.

Kimya.

Nikamtazama Mama Paskalina. Naye ananitazama kwa upole. Nikamtazama Margwe. Amebana midomo, maneno yamemjaa mashavuni, lakini hatoi. Mzee Lemayan, mwenye punda wengi kuliko wote, alikuwa ameketi mbele kabisa. Akaitikia taratibu, "Ee."

Baadaye ndipo nilipoambiwa. Kule, mwenye fimbo ndiye msemaji. Hakatizwi, haulizwi. Akimaliza anairudisha mezani. Akiendelea kuishika, maana yake bado ana neno, na watu wenye adabu wanamsubiri. Ile "Ee" ni kumwonyesha tu kwamba anasikilizwa.

Mimi nilielewa kitu kimoja: hawajaniamini.

Nikaongeza. "Mheshimiwa, wakili huyu anatoza kila unapomwona. Siyo kesi tu."

"Ee," akasema Mzee Lemayan.

"Na mimi... nilimwona mara nyingi kidogo."

"Ee."

Ndugu zangu, kimya kile kilikuwa kinanivuta maneno kama mtu anavuta uzi kwenye sweta. Majibu niliyokariri yote yalihitaji swali, na swali halikuja. Nikabaki na ukweli peke yake.

Nikasema kwamba baada ya kura kuhesabiwa niligundua nimesaini fomu ya matokeo kwa wino wa bluu. Sikulala. Nikaenda kwa wakili kuuliza kama wino wa bluu unabatilisha uchaguzi. Akasema hapana. Nikalipa. Nikafika stendi, nikajiuliza kama alinielewa vizuri. Nikarudi. Nikalipa tena.

"Ee."

Nikasema nilienda kuuliza kama sufuria ni sanduku halali. Nikaenda tena kuuliza kuhusu mfuniko.

Nyuma kuna mtu alikohoa kwa namna ambayo siyo kikohozi.

Nikasema saini yangu ya kwanza na ya pili hazikufanana mkia, nikampelekea wakili azilinganishe. Nikasema niliwahi kumfuata msibani. Fimbo ilikuwa imelowa jasho. Nilikuwa nimeikumbatia kifuani kama mtoto anayeogopa sindano.

"Na mara ya mwisho," nikasema, sauti yangu ikiwa ya mtu mwingine kabisa, "nilichukua miadi nikamwombe radhi kwa kumsumbua. Nayo akaitoza."

Mzee Lemayan hakusema "Ee." Alikuwa amefunika uso na shuka, mabega yanacheza.

Mama Paskalina akainuka, akaja hadi niliposimama, akanong'ona, "Mwanangu, ukimaliza unairudisha." Akanitoa vidole kwenye ile fimbo kimoja kimoja.

Darasa likapasuka. Punda walijibu kutoka nje.

Margwe alikuwa wa kwanza kuipata fimbo. "Mheshimiwa Spika, mimi nilikuja hapa kumvua mtu nguo. Nimemkuta ameshavua mwenyewe." Wakacheka upya. "Lakini maneno matupu sitaki. Tuhakikishe. Wakili apigiwe simu sasa hivi."

Mtandao pale unapatikana dirishani, ukisimama juu ya dawati. Laini ya Mama Paskalina ikagoma, yangu ikashika. Akaichukua simu yangu, wanaume wawili wakamshikia dawati, akapanda, akaweka sauti ya juu. Ikaita. Mimi nilikuwa namwomba Mungu wakili asipokee. Kisha nikamwomba apokee.

Akapokea. Hakusema haloo. Hakuuliza nani. Tulisikia pumzi ndefu, halafu sauti ya mtu aliyechoka maishani:

"Boay. Kijana wangu. Tulishamaliza. Wino wa bluu hauna tatizo."

Sitaweza kueleza kilichotokea humo ndani. Mzee Lemayan alitolewa nje kupata hewa. Mama Paskalina alishushwa kwenye dawati akiwa analia. Mimi nilisimama wima na tai yangu, nikiwa ushahidi ulio hai.

Margwe akaomba fimbo mara ya pili. Safari hii hakucheka. "Mimi nawajua wezi. Mwizi angekuja na uongo wenye heshima zaidi ya huu. Huyu hakula hela. Huyu aliogopa kwa niaba yetu sote, na kila alipoogopa tukalipa. Naondoa tuhuma."

Ikapigwa kura ya kuinua mikono. Matokeo ya uchaguzi yakabaki yalivyo. Kamati ikabaki ilivyo. Mikono ilikuwa mingi hadi Spika akasema hakuna haja ya kuhesabu, nami nikataka kusema tuhesabu, nikajizuia. Sufuria zangu zimeshinda mara mbili, mahakamani na barazani.

Wakati wa chai Mzee Lemayan aliniita. "Kijana, huku kwetu msemaji mzuri ni yule asiyeficha. Leo umewashinda wote." Halafu akaongeza, "Ila usirudie."

Margwe ameshaanza kuniita Wakili Mdogo, na mpaka tunafika geti la hifadhi, tukirudi Karatu, gari zima lilikuwa linaniita hivyo. Kila nilipotulia kidogo, mtu wa kiti cha nyuma anasema, "Ee." Mkitaka kucheka, chekeni kwa staha, mama yangu naye anasoma humu.

Baraza liliweka azimio moja tu, na limeanza kutumika leo hii. Namba ya wakili imefutwa kwenye simu yangu. Anayo Mama Paskalina.