Zawadi za Mchezaji Mwekundu

Jumatatu, 20 Novemba

Naanza leo, na naapa kueleza yote bila kupamba, hata yale yatakayoniaibisha. Bi. Poppinga, mwalimu wetu wa lugha, husema shajara inayodanganya ni kama saa iliyosimama: inapendeza ukutani, haina faida.

Basi. Mimi ni Tomke, miaka kumi na mitatu. Tunaishi mimi na Mama nyumbani kwa Bibi Gesche, nyuma ya tuta linalozuia bahari. Babu Hinrich alifariki mwezi wa tatu. Kila Jumapili ya majira ya baridi watu wanne huketi mezani kwa Bibi kucheza Ukingo wa Mto. Unaanza na vibanda viwili na shamba la ngano. Ukijaliwa, unamaliza na mji wenye maandishi, mahakama na daraja. Watu wanne, ubao haukubali zaidi: Bibi, Mama, Mjomba Habbo, na Babu. Sisi watoto kazi yetu kupitisha biskuti na kunyamaza.

Sasa kiti cha Babu ni kitupu. Leo Bibi ametangaza kwamba lazima kijazwe kabla ya Majilio, majuma ya kungoja Krismasi. Jumapili hii nitacheza na Onno, mtoto wa Mjomba Habbo. Mshindi anakalia kiti. Atakayeshindwa anaendelea na biskuti mpaka mtu mwingine afe. Bibi alisema hivyo huku akimenya viazi.

Jumapili hii ndiyo Jumapili ya Wafu. Mjomba Habbo aliuliza kama ni adabu kucheza siku ya makaburi. Bibi akajibu kwamba Hinrich hajalalamika.

Nakitaka kiti kile. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Lakini Onno ana miaka kumi na mitano na anaucheza mchezo shuleni, na mimi sijui hata kete zinapangwaje. Ameniambia nianze mazoezi ya kubeba sahani.

Nina mpango.

Jumanne, 21 Novemba

Sehemu ya kwanza ya mpango: maktaba ya mji huazimisha kishikwambi chenye Ukingo wa Mto ndani yake. Nimekichukua. Nimemwambia Mama najifungia chumba cha nyuma, alimokuwa Babu akitengeneza baiskeli, ili nisome mafundisho ya kipaimara. Mama alifurahi. Furaha yake iliniuma.

Sehemu ya pili: nimekiondoa kijitabu cha sheria kwenye boksi la mchezo ili Onno asikisome, nikakifukia kwenye viazi, chumba cha chini ya nyumba. Kwetu mtu anaweza kusamehewa kuuza ng'ombe wa jirani. Kuficha sheria, sijui.

Mashine inafundisha vizuri mno. Kidole kidogo cheupe kinakuonyesha: gusa hapa, sasa hapa. Mashine yenyewe inasogeza kete, inahesabu, inalisha watu, inazika. Mimi kazi yangu kufikiri tu. Sielewi kwa nini watu bado wanahangaika na vipande vya mbao.

Iliniuliza tuko wachezaji wangapi. Nikachagua watatu. Mimi ni Njano. Chini ya Kijani pameandikwa "mashine". Chini ya Mwekundu hapakuandikwa kitu.

Kijani hucheza haraka kama mtu anayewahi basi. Mwekundu huchukua muda wake.

Jumatano, 22 Novemba

Mwekundu ni mjinga! Kila zamu anafungua kisanduku kwenye kioo: anakupa ngano. Bure. Nikakubali. Akanipa tena, nikakubali. Ghala langu likajaa, likafurika, na hapo ndipo nilipojifunza kuhusu panya. Ghala likifurika, panya huingia. Panya wakiingia, homa hufuata. Mji wangu mzuri ulibaki na mtu mmoja na kisima.

Nikaanza upya. Akanipa ngano. Nikakubali, kwa sababu ni ngano. Panya.

Jambo jingine. Saa tisa kamili alasiri, saa ya chai nyumbani kwetu, Mwekundu alisimama. Pakaandikwa "anafikiri", na duara dogo likawa linazunguka. Bibi akaniita chai. Nilikunywa vikombe vitatu, kama kawaida, nikarudi. Duara bado linazunguka. Bibi alipoanza kuosha vyombo, nikasikia vikombe vikigongana kwenye beseni, na papo hapo Mwekundu akacheza.

Jana pia alisimama saa tisa. Sikuandika kwa sababu nilidhani ni betri.

Alhamisi, 23 Novemba

Mpango wa leo ulikuwa kukwepa chai ili nimwone Mwekundu anafanya nini saa tisa. Nikamwambia Bibi tumbo linauma. Bibi akasema dawa ya tumbo ni chai.

Baada ya chai niliamua kukataa ngano. Nikagusa "kataa". Kisanduku kikafungwa, kikafunguka. Kataa. Kikafunguka. Nikawa nagusa mpaka kidole kikachoka, na hapo nikatambua kwamba namjua mtu wa namna hii. Bibi na birika lake! Kwetu unaweza kusema hapana asante mpaka kesho, utamiminiwa tu. Neno la mdomoni halihesabiwi. Asiyetaka tena huweka kijiko ndani ya kikombe, basi, hapo mwenyeji anaelewa. Rafiki yake Mama kutoka Hannover hakulijua hilo, na kwa adabu alikunywa mpaka machozi yakamtoka.

Kijiko changu cha chai nilikuwa nimekitia mfukoni wakati wa kuondoa vyombo. Nikakilaza juu ya kioo. Kwa mzaha.

Kisanduku kikafungwa. Hakikufunguka tena. Mchezo wote uliobaki Mwekundu hakunipa hata punje, na nikamshinda, na Kijani pia.

Najua maelezo yake. Kijiko ni chuma, na kioo hudhani chuma ni kidole. Ni maelezo mazuri. Nimejieleza mara kadhaa jioni hii.

Ila kioo kilikuwa na ukungu, kama mtu amekipulizia pumzi. Chumba ni baridi, sawa. Lakini ukungu haukuwa upande wangu. Ulikuwa upande wa pili, ule unaoelekea ng'ambo ya meza.

Ijumaa, 24 Novemba

Mjomba Habbo alileta kuni, na Onno akaja naye. Akasimama mlangoni pa chumba cha nyuma, mikono mfukoni.

"Wee Tomke, nasikia umekuwa mtu wa dini. Haya, bibie, hebu nitajie amri ya nane."

Nikasema usiibe. Akasema hiyo ni ya saba. Ya nane ni usimshuhudie jirani yako uongo. Akaniangalia sana. Nilikuwa nimekikalia kishikwambi.

Kisha akaenda kutafuta kijitabu cha sheria, na hakipo. Mjomba Habbo alibadilika rangi kama mtu aliyesikia kengele ya kanisa imeibwa. Walitafuta hadi chini ya kabati. Mwishowe Onno akasema hakihitaji, anazo sheria zote kichwani. Kwa hiyo sehemu ya pili ya mpango imekufa, na sina ujasiri wa kukirudisha.

Haidhuru. Nimegundua jambo kubwa kuliko kijitabu. Mwekundu si mjinga hata kidogo. Ngano yake ni silaha! Jumapili nitampa Onno ngano kila zamu, kwa tabasamu, mpaka panya waje. Onno hajawahi kukataa kitu cha bure tangu azaliwe.

Jumamosi, 25 Novemba

Mazoezi ya mwisho. Niliweka kiti upande wa pili wa meza. Sijui kwa nini. Niliona si adabu kumwacha asimame.

Mwekundu hakunipa ngano leo. Alijenga daraja kuja upande wangu, akalifikisha ukingoni, akaacha. Sikuona faida yake kimchezo. Kidole cheupe nacho hakikueleza kitu, kilitulia tu pale mwisho wa daraja.

Nilimwambia asante, kwa sauti. Mama akauliza kutoka jikoni nazungumza na nani. Nikasema na Mungu. Amri ya nane, tena.

Jumapili, 26 Novemba

Asubuhi makaburini. Tulimfunika Babu kwa matawi ya msonobari, kama kila mtu alivyowafunika wake. Ukungu mzito, tulisikia watu wa makaburi mengine bila kuwaona. Kisha nyumbani, chai, ubao.

Bibi akaomba kijitabu cha sheria. Nikashuka chini, nikakifukua kwenye viazi, nikakileta kikinuka udongo. Bibi alikipangusa kwa aproni, akakiweka chini ya sahani ya kikombe chake, akasema wanaojua wacheze.

Sikujua kete zinapangwaje. Mashine hupanga yenyewe. Onno alinipangia, taratibu, kwa upole mbaya kuliko matusi.

Lakini baada ya hapo! Kila zamu nilimsogezea ngano. Mara ya kwanza akacheka, akaniita dada wa sadaka. Mara ya pili akanikumbusha kwamba tunashindana. Akachukua. Mara ya tatu Bibi aliacha kunywa chai yake. Mama akamwangalia Bibi, na Mjomba Habbo akakitazama kile kiti kitupu, na mimi nikaendelea kusogeza. Onno alikuwa anachukua ngano kwa mkono mmoja na chai kwa mwingine, na kijiko chake kikakaa kwenye sahani muda wote. Ghala likafurika. Panya. Homa. Mji wa Onno ukaondolewa ubaoni kete kwa kete mpaka ng'ambo yake ya mto ikawa mbao tupu.

Nilikuwa nimeshaanza kuinuka kwenda kwenye kiti.

Onno akauliza, kwa sauti ndogo, watu wangu niliwalisha lini.

Nikasema wanajilisha wenyewe.

Mjomba Habbo akanieleza kwa huruma kwamba hapa chakula hutolewa kwa mkono, kila zamu, na asiyelishwa huondolewa. Ngano yangu yote ilikuwa kwa Onno, yaani kwa panya. Wakaanza kuwaondoa wangu pia. Hawakumaliza haraka, nilikuwa nao wengi. Mwishowe ukabaki mto tu, na kingo mbili zisizo na mtu.

"Nani kakufundisha kugawa ngano?" Bibi akauliza.

Nikasema mashine ya maktaba. Bibi hakukasirika. Alikuwa ananiangalia kama ninavyoangalia hesabu ngumu.

"Hinrich alinishinda kwa ujanja huo ndoa yetu nzima," akasema. "Hakumwonyesha mtu. Mimi mwenyewe nimeung'amua majuzi tu, naosha vikombe, na yeye yuko kaburini."

Halafu akasema tutarudia Jumapili ijayo, Majilio yatuvumilie, na kwa leo mshindi ni Hinrich. Akaweka kikombe mbele ya kiti kitupu, sukari ya mawe, chai, tone la malai. Sukari ikalia, ikipasuka kwa moto wa chai. Tukanywa.

Wakati wa kuondoa vyombo, kijiko kilikuwa ndani ya kikombe kile. Mama alidhani ni Onno. Onno alidhani ni mimi. Bibi alikiosha peke yake, mwisho kabisa.

Jumanne, 28 Novemba

Nimekwenda maktaba kuomba muda zaidi. Bi. Janssen, anayeazimisha vishikwambi, akaniuliza kama mchezo umenipendeza. Nikasema Kijani ni dhaifu lakini Mwekundu ni hodari. Akacheka. Akasema katika toleo hili mashine hucheza Kijani tu. Viti vingine ni vya watu waliomo chumbani, mnapokezana kishikwambi mkono kwa mkono. Akauliza nilikuwa nacheza na nani.

Nikasema na mtu wa nyumbani. Amri ya nane sikuivunja, nadhani.

Kila mtu ana ushauri. Bibi anasema nichukue boksi halisi nijifunze kulisha watu kwa mkono. Mama amenisomea kijitabu cha sheria kurasa mbili, kwa hiari yake. Hata Onno amejitolea kunifundisha, na hakunitania, jambo lililonitisha kuliko yote. Nimewashukuru. Lakini kulisha watu ni kazi ya kuchosha, na mimi nimeshaona kosa langu lilipokuwa. Niligawa polepole mno! Onno anapaswa kufurika kabla mtu wangu hajapata hata njaa.

Kwa hiyo nimerudi chumba cha nyuma. Nimeweka kiti cha pili, na mto wa kukalia juu yake. Kioo kimeshaanza kupata ukungu upande ule, na kwenye mchezo kipo kisanduku cha kuandikiana ambacho sikuwahi kukifungua. Nimekifungua. Nimeandika hivi, nanakili hapa neno kwa neno:

Shikamoo, Babu. Nikimpa Onno ngano maradufu kuanzia zamu ya kwanza, panya wataingia kabla watu wangu hawajaanza kufa? Tafadhali nijibu sasa hivi, kabla ya saa tisa.