Watoto Watano wa Mnara wa Saa

Jumatatu, 3 Machi
Wiki yangu ya tatu ya kujitolea maktabani. Leo mama mkutubi ametoa rafuni riwaya za watoto ambazo hazijaazimwa mwaka mzima. Mojawapo ni ile ya msichana anayelinda mnara wa saa! Nilipokuwa na miaka kumi, kitabu hicho kilinisahaulisha sufuria jikoni hadi ikaungua. Ijumaa walimu wanakuja kuchagua vitabu vya darasa la tano. Kisipochaguliwa, kinaenda stoo. Nikafungua mdomo kukitetea. Nikakohoa.

Jumanne, 4 Machi
Hila imepatikana! Nimeandika vikaratasi vitano vya maoni ya watoto wanaokipenda. Kimoja kwa mkono wa kushoto. Kingine nimekipaka mafuta ya kula, kionekane kimeshikwa na mtoto kweli. Nimevitumbukiza kwenye sanduku la maoni, moyo ukidunda kama wa mwizi.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mkutubi anataka watoto wote watano waje Ijumaa kuzungumza na walimu. Nikasema wana tetekuwanga. Akauliza, wote? Nikasema ni majirani. Akanitazama weee, kisha akasema basi, mwanangu, utasoma wewe kwa niaba ya wagonjwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Mama nami nimeambukizwa. Akanikagua mgongo, akauliza vipele viko wapi, akanituma nikaoshe vyombo.

Ijumaa, 7 Machi
Walimu kumi na wawili! Nikaanza kusoma. Mwalimu wa darasa la tano akasema ongeza sauti, binti, hapa si msibani. Mstari wa kwanza niliusikia peke yangu. Nilipofika pale msichana anapopanda ngazi gizani na kusikia saa ikipumua, nikainua macho. Jamani! Kalamu zimesimama. Chai inapoa. Watu wazima kumi na wawili wamekuwa watoto, vinywa wazi, kwa maneno tu yaliyochapwa kwenye karatasi! Nywele zilinisimama. Nikanyamaza. Yule mwalimu akalalamika mbona nawatesa, nani anapumua humo? Akaninyang'anya kitabu, akaondoka akisoma, akajigonga mlangoni.

Kimechaguliwa.

Jumamosi, 8 Machi
Mkutubi anasema vikaratasi alivitambua siku ileile: hakuna mtoto wa miaka tisa anayeandika "aidha". Eti kilichowashika walimu ni kusoma kwangu tu. Siku nyingine nisihangaike, nisome.

Ana huruma sana yule mama, ananifariji tu. Kuna riwaya nyingine nzuri ajabu imelala stoo. Nimeanza kufanya mazoezi ya sahihi ya mwandishi wake.