Chupa ya Zengo

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nimelificha jambo hili tangu juma la Pasaka. Kwa moyo huu uliochoka sitafika mbali, basi niandike: matone ninayoweka machoni si yangu. Ni ya Zengo. Nimeiba! Mimi, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa hapa Kasoli.

Dokta Winnie anajaribu matone ya kutibu mtoto wa jicho kwa sisi wazee. Nusu yetu tumepewa dawa, nusu maji ya chumvi. Chupa zinafanana, namba tu ndizo tofauti. Hata yeye hajui nani kapata nini. Siku ile jirani yangu Zengo, kaketi kwenye benchi la kliniki, akasema ng'ombe anayepita kule barabarani ni yule mweusi wa Mayala. Mimi niliona ukungu. Kumbe dawa kapata yeye! Akainuka kusalimia watu, na salamu zake huanza na mtu na kuishia kwa ndama. Nikabadilisha chupa zetu pale benchini. Nataka kusoma ukurasa mmoja mwenyewe kabla sijafa.

Jumatano, 7 Mei
Nimemuuliza Zengo alimwonaje yule ng'ombe. Kacheka hadi kakohoa.
"Nione wapi, mwalimu? Kengele ya shingoni mwake niliifunga mimi."
Kengele! Basi alisikia tu, hakuona.

Ijumaa, 9 Mei
Nilikwenda kurudisha. Binti yake Evalina alipoingia jikoni kuniletea michembe ya viazi, nikaichukua chupa ya dirishani. Sasa zote mbili mkononi. Ipi yake, ipi yangu? Namba ndogo kama mayai ya chawa. Nikaacha moja. Sijui ipi.

Jumanne, 13 Mei
Kliniki, bahasha yenye siri ya namba imefunguliwa. Dawa nilipewa mimi. Zengo, maji. Nimeiba maji! Tena dokta kasema hakuna jicho lililopata nafuu, si la dawa wala la maji. Kwetu sasa ni upasuaji tu. Akauliza kama kuna aliyetumia chupa ya mwenzake, maana majibu yake yatapotosha jaribio zima. Nikatazama dari.

Nafasi ya upasuaji Alhamisi ni moja. Kapewa Zengo, macho yake ndiyo mabaya zaidi. Akanipa kadi yake.
"Nitunzie, mwalimu. Mimi nitaipoteza."
Nililia. Kweli nililia.

Alhamisi, 15 Mei
Naandika kwenye benchi la kliniki, herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Nimetubu yote ya hapo juu, kwa dhati kabisa. Zengo nimemwambia upasuaji wake ni wiki ijayo.

Muuguzi kaita: Zengo Mashimba.

Nimeitika.