Nyapara Hahesabu Nusu

Jumatatu, 3 Machi
Miguu yangu bado fito. Jimu mpya ya Mikumi, ukumbi wa mazoezi, inatafuta mwalimu mmoja. Usaili Jumamosi, wa skwati: kuchuchumaa na kuinuka na chuma begani. Tunagombea mimi na Ditram. Ditram ana mapaja! Anadai siri ni kupunguza uzito na kushuka mpaka nyonga zipite magoti, ndipo makalio na mapaja ya ndani yanapokua. Maneno ya mtu anayeogopa chuma. Mimi nabeba kizito, nashuka nusu. Nimehamia banda lililoachwa la mkonge, hapa Kimamba, asinichungulie.

Jumanne, 4 Machi
Ndoo mbili za zege kwenye bomba. Skwati ishirini, zote nusu. Ya ishirini na moja nikateleza, nikaenda chini kabisa. Nyuma yangu mzee akasema: moja. Nikageuka. Hakuna mtu. Nikaamkia shikamoo, adabu ni adabu. Marahaba ikatoka ndani ya mashine ya mkonge yenye kutu. Nilikimbia hadi relini.

Jumatano, 5 Machi
Nimemuuliza Bibi Magreti, aliyekata mkonge ujanani. Hakucheka. Amesema huyo ni nyapara wa shamba: kila mtu alipangiwa mizigo thelathini, mzigo pungufu hakuuhesabu, na hakuna aliyetoka kabla ya kutimiza. Akanisihi nishuke mpaka chini, nimalize. Kumbe bibi naye yuko upande wa Ditram!

Alhamisi, 6 Machi
Ukutani pana mstari mmoja wa chaki. Nikaongeza ishirini na tisa kwa mkono wangu. Akili ni nywele!

Ijumaa, 7 Machi
Ukutani umebaki mstari mmoja. Chaki imejaa kwenye kucha zangu, na jana nilinawa. Naogopa, lakini kazi naitaka.

Jumamosi, 8 Machi
Mikumi. Nilibeba kilo mia, nusu, mara kumi. Ditram kilo sitini, chini kabisa. Kazi kapewa yeye. Nikamuuliza yule mzee wa kaptula ya kaki alikuwa nani, aliyetikisa kichwa kila niliposhuka. Ditram akauliza mzee gani.

Jumapili, 9 Machi
Nimerudi bandani. Banda hili halina mlango. Leo umefungwa nyuma yangu. Ukutani pana jina langu: Evarist, moja, bado ishirini na tisa. Ila kosa langu nimeligundua. Uzito ulikuwa mdogo! Nimeongeza ndoo ya tatu. Nimepiga sitini, nusu. Sauti bado inasema moja.
Maskini, mzee hajui hesabu.