Mazabodi na Liwa ya Bibi Harusi

Jumamosi, 6 Septemba

Maulidi ya mtaa yalikuwa jana. Pilau ya kutosha, udi wa kutosha, watu wamejaa mpaka baraza ya jirani. Nimesoma mlango wangu wa kitabu cha Maulidi wote bila kukwama. Naandika haya kwa sababu mwaka jana pia niliusoma wote, na ushahidi haupo. Video ya Maulidi hutengenezwa na Dadi, karani mstaafu wa forodha. Katika video yake ya mwaka jana yeye anaonekana dakika kumi na moja. Mimi sekunde nne. Napiga chafya. Wajukuu zangu wameihifadhi chafya hiyo.

Leo nimekwenda kwa Mzee Najim, mwenyekiti wa kamati, kulalamika. Mara ya tisa, bila kuhesabu zile za njiani. Amechoka, akatoa hukumu: Alhamisi asubuhi Dadi na mimi tutapewa picha zilezile. Atakayemletea video kamili kwanza, Ijumaa baada ya swala, ndiye atakayefanya kazi hiyo miaka yote. Nimekubali kabla hajamaliza. Nimemwahidi kuwa nikiishika mimi, kila mtu atapata haki yake.

Tatizo: kompyuta ya Dadi ni mpya, mwanawe kaileta kutoka Maskati. Yangu ina umri wa kustaafu kwangu, miaka kumi. Video ndefu huipika, yaani kuiunganisha iwe faili moja, kwa saa tano. Umeme wa mtaa wetu haupiti saa nne!

Mwalimu hustaafu, lakini fizikia haistaafu. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hupangiwa mwendo kiwandani. Mwendo huo unaweza kupandishwa. Vijana wanaita ovakloki. Nimepiga hesabu: nikiupandisha kutoka tatu nukta nne hadi nne nukta nne, saa tano zinakuwa saa tatu na dakika hamsini na mbili. Zinabaki dakika nane za kumshukuru Mungu.

Ila mazabodi yangu haitaweza. Mazabodi ni ule ubao mpana unaobeba kila kitu ndani ya kompyuta na kukipa umeme. Ubao dhaifu, prosesa yenye pupa: ni kumfunga punda trela la lori. Nahitaji mazabodi ya kuaminika.

Jumapili, 7 Septemba

Dukani kwa Naila, fundi wa kompyuta, mwanafunzi wangu wa zamani. Ndiye pia aliyepiga picha za Maulidi, kwa hiyo hana upande. Ameniwekea mazabodi mbili mezani, zote za mkono wa pili. Moja ya kijivu, haina sura. Nyingine ina taa za rangi saba. Moyo ulikwenda kwenye taa. Siwezi kudanganya humu ndani.

Nilizipima uzito mkononi, nikazigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama nichaguavyo nazi. Naila alisubiri mpaka nikamaliza.

"Mwalimu, taa haipozi kitu," akasema. "Angalia hivi vyuma."

Akanieleza, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua. Kwanza, kando ya prosesa kuna vidhibiti umeme, navyo vinapochemka huhitaji vifuniko vinene vya chuma. Ya kijivu inavyo. Ya taa ina kibati. Pili, ubao uwe unaruhusu mwendo kubadilishwa. Ya taa imefungwa. Tatu, usiwe na kutu ya kijani, maana chumvi ya pwani inakula bodi kuliko panya anavyokula nyaya. Nne, tundu la prosesa lilingane na prosesa uliyo nayo. Tano, uwe na tabia ya kujizima wenyewe joto likizidi. Nimempa alama tisini. Kumi nimekata kwa kutotaja nazi.

Mara Dadi akaingia. Anasema amepita tu. Ni mkubwa kwangu kwa miezi minane, na akiniona husimama na kungoja shikamoo yake kama mtu anayengoja risiti. Nikampa. Akaimeza taratibu, kisha: marahaba.

Hapo likanijia wazo! Nikaikumbatia ile ya taa. Nikasema kwa sauti kuwa hii ndiyo roho ya kompyuta, kesho nakuja kuichukua, mwenye kuikosa ajilaumu. Naila akafungua mdomo. Nikamtazama kwa jicho la darasani. Akaufunga.

Jumatatu, 8 Septemba

Dadi ameinunua ile ya taa saa mbili na robo asubuhi! Naila ni mwaminifu, alimwambia mara mbili kwamba kompyuta yake haina ugonjwa na tundu halilingani. Dadi akamjibu kwamba alikuwa akikagua mizigo bandarini kabla mama yake Naila hajaolewa.

Nami nimechukua ya kijivu. Mke wangu, Biubwa, ameuliza ni ya nini. Nimemwambia ni kwa ajili ya Maulidi. Kweli tupu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeifunga mwenyewe. Naila alijitolea kuja, nikakataa: mwalimu hafungiwi na mwanafunzi. Alinipa kipakiti cha pesti, ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na chuma chake cha kupozea ili joto lipite. Akaniasa niweke kiasi cha punje ya choroko. Punje ya choroko! Mimi sikulelewa na uchoyo. Nimepaka yote. Imefurika pembeni. Nimeifuta kwa kitambaa, na pesti yote ikaondoka na kitambaa.

Nikawasha. Nyuzi themanini. Tisini. Tisini na saba. Kimya. Mazabodi imejizima yenyewe. Tabia njema hiyo, lakini si leo.

Nikarudi dukani. Pesti imekwisha. Nyingine inatoka Dar Jumamosi. Jumamosi!

Kitambaa kilikuwa mtandio wa Biubwa. Nimeukunja, doa likae ndani.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimegundua jambo ambalo vitabu vyangu havikunifundisha.

Biubwa husaga liwa za mabibi harusi. Kijiti cha liwa kinasuguliwa juu ya jiwe, kwa marashi ya waridi, mpaka upatikane uji mzito laini wa rangi ya manjano. Bibi harusi hupakwa mwili mzima, ngozi ing'ae na ipoe. Nimelirudia neno hilo mara tatu nikiwa mlangoni pa jikoni. Ipoe.

Liwa ni laini. Inajaza vitundu. Inapoza. Wazee wetu wamepozea kwayo mabibi harusi wa pwani nzima, itashindwa na prosesa yenye ukubwa wa biskuti? Bakuli lilikuwa tayari, limefunikwa kawa. Ni la Adila, mjukuu wa Dadi, anayeolewa Ijumaa ya wiki ijayo. Nimechota vijiko vitatu. Nikasawazisha juu kwa mgongo wa kijiko.

Nyuzi hamsini na nane! Mwendo nne nukta nne, nusu saa nzima, nyuzi hamsini na nane! Chumba kinanukia kama fungate.

Habari za Dadi: prosesa yake imekataa kuingia kwenye mazabodi ya taa. Ameshinda Kariakoo akitafuta prosesa nyingine. Kompyuta nzima toka Maskati iko vipande mezani. Nimemwombea subira.

Alhamisi, 11 Septemba

Naila ametugawia picha. Nimekata na kuunga tangu asubuhi, umeme ukikatika nangoja, ukirudi naendelea. Mlango wangu umeingia wote. Dakika kumi na tisa. Ilikuwa vigumu kupata pa kukata, maana sikukosea popote.

Dadi naye yumo. Nimepata sekunde nne zake, baada ya pilau, akichokoa meno. Ni haki yake. Niliahidi.

Ijumaa, 12 Septemba

Umeme umerudi saa mbili kamili. Liwa mpya nilikwisha kuipaka, vijiko vinne safari hii, nikaanza papo hapo kupika video.

Saa tatu: nyuzi hamsini na tisa. Saa nne: sitini na sita. Saa nne na nusu: sabini na nane, harufu ya waridi imeanza kugeuka mkate. Nimepepea kwa kipepeo cha jikoni. Saa tano: themanini na tano. Biubwa akapiga hodi akauliza ni bibi harusi gani yuko humo ndani. Nikamwambia ni fizikia. Saa tano na dakika arobaini: tisini na mbili, moshi mwembamba. Nikasoma dua zote ninazozijua, na moja ya kusafiria.

Saa tano na dakika hamsini na mbili. Imeiva! Nikaihamishia kwenye flashi, nikaichomoa, na papo hapo kompyuta ikazima. Dakika nane baadaye umeme wa mtaa nao ukakatika. Hesabu yangu haikukosea hata dakika!

Baada ya swala nimemkabidhi Mzee Najim flashi barazani kwake, mbele za watu. Dadi alikuja mikono mitupu. Naila alimfungia tena mazabodi yake ya zamani asubuhi, Dadi akaunga picha mbiombio, saa tano akaanza kupika, na umeme ukamkatikia njiani. Kwa kompyuta ile, angeanza saa mbili angemaliza kabla sijapata kifungua kinywa. Sikumwambia. Nikampa shikamoo kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Hakuijibu. Alininusa.

"Muzammil," akasema, "mbona unanukia harusi?"

Nikajibu ni manukato ya Ijumaa. Mzee Najim akatangaza: kazi ya video ni yangu. Nimeshinda!

Jumamosi, 13 Septemba

Biubwa amefunua kawa.

Aliweka bakuli lililochotwa mbele yangu, na mtandio, na kijiti cha liwa, na jiwe. Akasema Adila anapakwa Jumatatu, na mkono uliochota ndio utakaosaga. Kisha akaenda kumtembelea dada yake, Mlingotini.

Naila alikuja akafungua kompyuta. Juu ya prosesa kuna kitumbua cheusi. Alikibandua kwa kisu. Amenieleza kwamba kilichopoza ni yale maji ya marashi ya waridi, na yalipokauka liwa ikageuka blanketi. Mazabodi ya kijivu ndiyo iliyokata umeme kwa wakati, la sivyo prosesa ingekufa. Akanipa pesti mpya, akapaka yeye, punje ya choroko. Kompyuta ikawaka kama kwamba hakuna kilichotokea.

Nimemsikiliza kwa subira. Ni msichana mzuri, lakini ameona liwa mara moja tu.

Jumapili, 14 Septemba

Video imeonyeshwa ukutani madrasa baada ya alasiri. Wajukuu zangu walitazama dakika zote kumi na tisa, mmoja kwa macho yaliyofumbwa. Sekunde nne za Dadi zikapita. Watoto wakataka zirudiwe. Zikarudiwa mara saba.

Jioni Dadi amekuja kwangu. Mimi niko chini, nasugua kijiti juu ya jiwe, mikono ya manjano. Nikampa shikamoo. Akaketi. Akaliangalia bakuli. Akasema Adila ndiye mjukuu wake wa kwanza kuolewa, na ndoa inafungwa Ijumaa hii, na wanawe walioko Maskati hawatafika, watategemea video.

"Itengeneze wewe," akasema. "Lakini na mimi nionekane, Muzammil."

Nikaona macho yake. Nikamshika bega kwa mkono wenye liwa. Nikamwambia kila mtu atapata haki yake. Akaniamini, akaondoka na alama ya vidole vitano kwenye kanzu.

Video ya harusi itakuwa ndefu zaidi. Mwendo uwe nne nukta nane. Pesti ya Naila haitafika huko, ni dawa ya watu wa kwenye baridi. Nimezidisha marashi, nimeongeza na mafuta ya nazi kidogo.

Nimesaga mabakuli mawili. Biubwa anafikiri yote ni ya Adila.