Sayrakan na Vita vya Mistari Mitatu

Nyamazeni, enyi watu wa Naryn! Wekeni chini piyala zenu za chai, na mnaotafuna kurut, jibini letu gumu, tafuneni polepole, maana nawasimulia vita vilivyopiganwa siku tatu katika maktaba ya mtaa wetu, meza ya nne kutoka dirishani, baina ya Sayrakan binti Toktosun, Malkia wa Telegramu, mwenye miwani miwili na subira moja, na mashine isiyojua huruma. Mimi nilikuwapo. Nilikaa meza ya tano, nikatetemeka, na sikusaidia kitu.

Kwanza mjueni adui. Adui alikuwa neno, nalo neno ni "rahisi", lililoandikwa ubaoni kwa chaki kubwa na mwalimu wetu wa kompyuta, Mederbek, kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye ndevu kumi na moja. Chini ya neno hilo aliandika mistari mitatu ya programu: wa kwanza uiamuru mashine itoe salamu, wa pili uipe namba tano jina la c, na wa tatu uiamuru mashine ituonyeshe c. Ambaye mashine yake haitakuwa imeonyesha tano ifikapo Ijumaa saa sita mchana, kiti chake angepewa mwingine, kwani waliosubiri nje walikuwa wengi.

Neno hilo lilikuwa limekwisha kuwaangusha watu watatu. Wa mwisho wao alikuwa Batma, mshona kofia, shoga yake Sayrakan tangu utotoni, aliyefunga begi lake Jumatano akasema, "Kama hii ndiyo rahisi, basi mimi ni mjinga, na afadhali nimejua mapema." Akaenda zake. Niliiona shingo ya Sayrakan ikiwa nyekundu, nikajua kwamba tangu hapo hakupigania kiti tu.

Basi akaingia vitani. Aliandika mistari yake mitatu kwa vidole vilivyopiga telegramu miaka thelathini, akabonyeza, na mashine ikatoa salamu vizuri kabisa, kisha ikatangaza kwamba jina c halijulikani.

"Mwanangu Mederbek!" akanguruma Malkia wa Telegramu. "Mashine yako haina adabu! Nimeitambulisha kwa c mstari wa juu tu hapo, sasa inageuka inaniuliza huyu nani?"

"Eje, umekosea kitu kidogo tu," akasema Mederbek, akimwita eje kwa heshima ya umri wake. "Rahisi hiyo. Andika upya."

Akaandika upya. Akaandika mara kumi na tisa, Alhamisi nzima, na mara kumi na tisa mashine ilimsalimu kwa upole na kumkana c. Ijumaa, saa tano na nusu, Mederbek mwenyewe alivuta kiti, akainama, akasoma herufi moja baada ya nyingine, huku akizisugua zile ndevu kumi na moja mpaka nikaziogopea.

"Iko sawa," akasema mwishowe. "Haifanyi kazi, lakini iko sawa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, eje, sheria ni sheria. Saa sita."

Lo! Hata samovari, birika letu la chai, ilikoma kuchemka, ingawa nadhani maji yalikwisha. Sayrakan alivua miwani ya kwanza, akavaa ya pili, akaikodolea mashine kama alivyowakodolea wateja zamani, nikamsikia akinong'ona swali alilowauliza watu kwa miaka thelathini kabla ya kupokea telegramu yoyote: "Kwa herufi zipi? Za kwetu au za kigeni?"

Akanyanyuka nusu. "Mederbek, hii c ni ya nani?"

"Ya nani vipi? C ni c, eje!"

"Thubutu!"

Akaiamuru mashine imtafutie kila c ya kigeni, ile ya Kilatini. C ya mstari wa tatu ikawaka njano. Ile ya mstari wa pili haikuwaka. Maana sisi tunaandika kwa herufi za Kisirili, na s ya maandishi yetu sura yake ni hiyohiyo ya c, kitufe chake ni hichohicho, na Sayrakan, akiisha kuandika salamu kwa herufi za kwetu, alikuwa akisahau kurudi kwenye za kigeni mpaka amekwisha kuandika jina. Sisi vijana tuliandika salamu kwa za kigeni, kwa uvivu, tukapita bila jeraha.

Akafuta herufi moja. Akaandika herufi moja. Saa sita kasoro dakika nne, mbele ya mashahidi tisa, namba tano ilitokea Naryn. Tulipiga kelele, tukakumbatiana, na sahani ya maandazi ya boorsok ikapinduka nisijue ni nani aliyeipindua, ila kiwiko changu kilikuwa na mafuta.

"Kumbe ilikuwa rahisi!" akasema Mederbek.

"Mwanangu," akasema mshindi, "nusu saa iliyopita huo urahisi ulikuwa umeuficha wapi?"

Tulicheka mpaka mkutubi akatoka kutufokea. Mederbek alikwenda ubaoni, masikio yanawaka, akalifuta lile neno kwa mkono wa sweta yake. Lakini Sayrakan hakutazama. Alikuwa amekwisha kutoa simu.

"Batma? Niambie, salamu uliiandika kwa herufi zipi?"

Tuliisikia sauti ya Batma, nyembamba na yenye hasira: "Za kwetu. Sasa ningesalimu vipi?"

"Basi vaa koti uje, kiti tutagawana," akasema Sayrakan. "Hukuwa mjinga, Batma. Ulikuwa na adabu."