Je, Hungependa Kuhifadhi?

4 Machi, Jumatatu

Wiki iliyopita Mkuu alitangaza mashindano. Ijumaa atachagua maneno yatakayotokea mtu anapofunga faili ambalo hajalihifadhi. Yataingia kwenye kila kompyuta yenye programu yetu ya kuandikia. Mshindi atasimamia maandishi yote ya programu. Hatimaye! Miaka kumi na moja ofisini, na kazi yangu iliyotambuliwa ni kusahihisha neno "ingiza".

Mpinzani ni mmoja: Mkasi. Dada mchapakazi wa ofisi yetu, sikatai. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna sentensi iliyowahi kupita mikononi mwake ikatoka nzima. Anataka programu ihifadhi yenyewe, kimyakimya, isimsumbue mtu. Upuuzi. Mtu asipoulizwa, atajuaje kuwa anathaminiwa?

Jana niliweka toleo langu la majaribio kwenye kompyuta ya nyumbani. Nimezima sehemu ya Mkasi ya kujihifadhi, ili swali langu liwe na uzito. Sikumwambia mtu. Shangazi, anayeishi nasi tangu mumewe afariki, ameanza kuitumia leo alasiri. Anaandika kwa kidole kimoja. Ameniomba nisisome. Nimeapa.

5 Machi, Jumanne

Nimesoma. Mistari michache tu, alipotoka kuanua nguo. Ni barua kwa mwanawe, binamu yangu. Hawajasemezana miaka tisa. Siku ya kumzika baba yake, binamu alifika watu wameshatoka makaburini. Alisema basi liliharibika njiani. Shangazi akamwambia mbele ya waombolezaji wote kwamba mtoto wa kweli angekuja hata kwa miguu. Binamu hakuketi. Aligeuka na begi lake mkononi, na hakurudi tena.

Barua inaanza: "Mwanangu, sijui kama utaifungua."

Niliona aibu. Dakika tano nzima. Kisha nikagundua kuwa ameshaandika kurasa mbili bila kuhifadhi wala kufunga hata mara moja. Jaribio safi kabisa!

Ofisini mambo hayakwenda vizuri. Swali langu lilikuwa na maneno sitini na manne, likianza kwa salamu. Karani wa mapokezi alilifunga kabla sijavuta kiti. Nikamuuliza lilisema nini. Akasema alidhani ni tangazo.

6 Machi, Jumatano

Nimefupisha, ofisini na, kupitia mtandao, kwenye kompyuta ya nyumbani. Sasa linasema: "Je, hungependa kuhifadhi kazi yako?" Chini yake, Ndiyo na Hapana. Adabu tupu!

Mkasi alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Akauliza mtu akijibu Ndiyo, amependa au hajapenda? Nikamjibu kwamba kila mwenye lugha anajua: ndiyo, nisingependa. Kazi inatupwa. Akasema yeye angeandika vitendo kwenye vitufe, Hifadhi, Tupa, Rudi, mtu aone kitakachotokea kabla hajabonyeza. Nikamwambia hivyo ni vitufe vya mashine ya kufulia.

Nikafanya utafiti. Dereva wa ofisi alisema Ndiyo maana yake anataka. Mhasibu alisema hataki. Mlinzi aliuliza nani anataka kujua. Nimeandika kwenye ripoti: matokeo ya kuridhisha.

Nyumbani nimemkuta Shangazi yuko ukurasa wa nne. Aliniuliza "ulinivunja moyo" na "nilikuvunja moyo" vinaweza kukaa katika sentensi moja. Nikasema vinaweza. Akafuta cha kwanza.

7 Machi, Alhamisi

Siku mbaya.

Nilipoingia, Shangazi alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, miwani mkononi. Alikuwa amemaliza. Kurasa tano. Alitaka kufunga, swali likatokea.

"Liliniuliza kwa heshima," akasema, "nami nikajibu kwa heshima. Ndiyo."

Nilitafuta kila pembe ya kompyuta ile. Hakuna kitu, na hakungekuwa na kitu, maana mwenye kuzima kujihifadhi ni mimi. Nikasema labda ni virusi. Mke wangu alikuwa mlangoni. Hakupandisha sauti. Aliniuliza nimegusa nini. Ilibidi niseme, nikasema yote, mpaka la kusoma.

Nilingoja kufokewa. Shangazi aliketi tu.

"Kuna mahali niliandika mara saba," akasema. "Sasa siwezi kukumbuka niliishia na ipi."

Akaingia chumbani kwake. Chakula chake kilibaki mezani kimefunikwa.

8 Machi, Ijumaa

Mkasi ameshinda. Alianza kuandika sentensi mbele yetu, na katikati yake akachomoa waya wa umeme. Akaurudisha, akawasha. Sentensi ilikuwa pale pale, na mkato wake. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Nilikuwa nikiwaza kurasa tano.

Zamu yangu ilipofika, Mkuu aliuliza kama swali langu limejaribiwa na mtu halisi. Nikasema limejaribiwa. Akauliza matokeo. Nikasema mtumiaji alilielewa na kulijibu bila kusaidiwa.  Nadhani uso wangu ulinisaliti.

Baadaye Mkasi alinifuata kwenye ngazi, akauliza ni nani aliyepoteza. Nikamweleza. Akasema, "Mpe Shangazi pole yangu." Mimi hakunipa pole yoyote.

9 Machi, Jumamosi

Asubuhi nilipiga hodi chumbani kwa Shangazi. Nikamsalimu, nikamwomba msamaha tena. Nikasema nitaandika mimi, yeye aseme tu. Akakubali, akaja sebuleni. Akasema, "Mwanangu." Nikaandika Mwanangu. Nikangoja. Alitazama ukuta kwa muda mrefu.

"Haiji," akasema. "Nipe simu."

Alibonyeza namba kwa kidole kile kile kimoja, bila kuangalia popote. Miaka tisa, na anayo kichwani! Simu ikaita sana. Nikadhani itakatika.

"Ni mimi," akasema Shangazi. "Nilikuandikia barua. Imepotea."

 Kisha nikasikia sauti ya binamu, ndogo, kutoka mbali.

"Ilisema nini, Mama?"

"Siikumbuki yote. Ilisema nilikosea. Lile basi liliharibika kweli, na mimi nilijua siku ile ile. Kondakta alikuja kutoa rambirambi akanieleza. Sikukuita urudi."

Sikusikia binamu alijibu nini, ila nilimwona Shangazi akishuka taratibu kutoka kitini hadi sakafuni, simu sikioni, akisema, "Ndiyo. Ndiyo, baba. Ndiyo." Nikatoka. Mke wangu alikuwa ukumbini. Alinishika mkono wa shati, tukasimama pale mpaka sauti ya ndani ikageuka kuwa ya kucheka.

11 Machi, Jumatatu

Nimetafakari siku mbili, bila kujipendelea.

Barua ile ingehifadhiwa, ingetumwa. Ingetumwa, huenda isingefunguliwa. Shangazi mwenyewe aliliona hilo, aliliandika mstari wa kwanza. Haikuhifadhiwa, wakazungumza. Sasa nani aliwapatanisha? Si Mkasi na waya wake. Sipendi kujisifu, lakini ukweli ni ukweli.

Nimempelekea Mkuu pendekezo la kurasa nane: programu iwe inapoteza barua moja katika kila kumi, kwa makusudi, kwa manufaa ya familia. Akampa Mkasi alipitie. Limerudi na neno moja, Hapana. Wivu.

Hainiumizi. Shangazi ameniambia binamu anakuja Jumapili, atakaa wiki nzima, na atakuja na kompyuta yake. Kumbe anaandika kitabu, huu ni mwaka wa sita, na sura ya mwisho inamsumbua. Maskini. Nimeshatayarisha kila kitu. Sitamwambia mtu. Nitasubiri aingie kuoga.